Magimbi na Baridi ya Bunju

Nilitoka Makete alfajiri, nikalala Makambako, na kesho yake jioni nikashuka Bunju na mfuko wa mbegu za magimbi begani. Mama alikuwa amefariki. Baba wadogo walishapanda miti ya mbao hadi bondeni alikolima, kwa hiyo magimbi yake yaliyobaki duniani ni yale niliyobeba.

Kwetu sakitu, ule umande unaoganda na kuunguza mimea, ikikaribia, magimbi huchimbwa yakiwa na udongo wake, yakaanikwa, kisha yakafukiwa kwenye majivu makavu darini jikoni mpaka mvua. Hayaoshwi. Mama hakuruhusu hata kuyapangusa.

Bunju haina sakitu. Niliyapanda nyuma ya nyumba ya dada, panapomwagika maji ya bafuni, yakaota mpaka majani yakanifika kifuani. Shemeji, mume wa dada, anauza maua kando ya barabara. Chakula cha mama yangu akakiita masikio ya tembo, akawaambia wateja wake, akina mama wa Kawe, kuwa ni ua la chunguni na mbegu imetoka Ulaya.

Juni ikaja na kile kiupepo ambacho Dar hukiita baridi. Shemeji akavaa sweta na soksi, akashinda kwenye simu akitazama Wazungu wakichimba magimbi yao kabla ya theluji. Mie nikaenda Kibamba kumjengea mtu ukuta. Niliporudi baada ya wiki kadhaa, nyuma ya nyumba kulikuwa na mashimo matupu.

"Nimekuokolea mbegu, shem," akasema. "Baridi hii ingeziua."

"Baridi ipi?"

"Wewe umezoea. Mmea haujazoea."

"Shem, mmea wenyewe umetoka Makete."

"Basi shukuru. Nimeyaosha na sabuni, yametakata, nikayafungia kwenye ndoo. Mfuniko umebana, upepo haupiti."

Nilifungua ndoo. Harufu ikamtoa dada jikoni. Mtu anayekula kwa kuuza mimea alikuwa ameyavundika magimbi kama ndizi mbichi.

Nikakaa chini, nikapasua moja baada ya jingine. Yote uji, isipokuwa moja lililobaki na upande mgumu wenye jicho jeupe. Nikakata uozo, nikalifunga kwenye kitambaa.

Shemeji akainama kuangalia. "Hilo niachie nilitie kwenye chungu. Kuna mama wa Kawe ameshaagiza."

"Mwambie aagize Ulaya."

"Ona, ndugu yako kanuna kwa ajili ya gimbi," akamwambia mkewe, akicheka.

Dada hakucheka. Asubuhi nilimuaga yeye peke yake, nikaondoka na gimbi langu kwenda Lushoto, milimani kwenye baridi ya kweli. Bunju sijarudi.