Kifuniko Kiko Wapi

Wimbo pekee uliopata umaarufu katika ukoo wetu uliimbwa na mtu ambaye hakujua kuwa anaimba.

Miaka ya tisini niliishi Gulfton, Houston, pamoja na kaka yangu. Mimi nilisomea uuguzi. Yeye alisomea famasia, na muda wote uliobaki aliinamia vimashine alivyonunua kwenye duka la mitumba. Kimoja kilipiga ngoma. Kingine kilitoa besi iliyokoroma kama sinki lililoziba. Cha tatu kilinasa kipande chochote cha sauti na kukirudiarudia hadi uombe msamaha. Muziki wenyewe uliitwa asidi hausi. Jirani yetu, mama mmoja Mkongo, aliwahi kubisha hodi kutuuliza kwa upole kama friji yetu imeharibika.

Shangazi yetu, dada mdogo wa baba, alikuwa muuguzi Grand Prairie, kiongozi wa akina mama kanisani, na mtu asiyesahau chombo chake. Tulikuwa tumetoka kwake na pilau kwenye sufuria, na sufuria tukamrudishia kupitia muumini mwenzake. Siku chache baadaye alipiga simu akatukosa, akaiachia mashine ya simu ujumbe kwenye kanda: “Nyinyi watoto! Sufuria nimeipata, asanteni. Na kifuniko? Kifuniko kiko wapi?”

Mtu mwingine angeenda kutafuta kifuniko. Kaka yangu aliisikiliza kanda ile tena na tena, macho yakimng’aa.

“Sikia hizo k zake,” aliniambia. “Hiyo ni ngoma tayari.”

Akaikatakata sauti ya shangazi, akaipandisha juu ya besi ya sinki. Ki-ki-kifuniko! Kiko-kiko-kiko wapi?

“Mpigie kwanza umwombe ruhusa,” nilimwambia.

“Nikimpigia ataniuliza kifuniko.”

Muuza santuri mmoja wa Dallas aliusikia wimbo, akautoa kwenye santuri. Hatukuamini yaliyofuata. Ulipigwa kila mahali vijana walipokusanyika kucheza, hadi Fort Worth. Jumamosi moja alasiri nilijionea mwenyewe, kwenye uwanja wa kuegesha magari: umati wa vijana wa Kizungu, mikono juu, macho wamefumba, wakiiuliza mbingu kiko wapi. Mmoja aliyejichora usoni alinieleza kuwa hayo ni maombi ya kale ya kuita mvua.

“Ni sufuria,” nilimwambia. “Shangazi yangu anatafuta kifuniko.”

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyepoteza asili yake, akanishika bega, kisha akarudi kuomba mvua.

Shangazi naye aliusikia kazini, kwenye redio ya mpishi wa hospitali. Hakupiga simu. Aliendesha gari mwendo wa saa nne kutoka Grand Prairie hadi mlangoni kwetu, akaingia, akaketi, mkoba mapajani. Kaka yangu alibaki amesimama kama mshtakiwa.

“Umeni-record?”

“Samahani, shangazi. Ni kipande kidogo tu.”

“Na hii kitu inaitwaje?”

“Asidi hausi.”

“Asidi ni ya tumboni. Weka nisikie.”

Akaweka. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, uso umekaza, ila mguu mmoja ulikuwa ukigonga zulia bila idhini yake. Wimbo ulipokwisha, nilifumba macho nikingoja tuombewe.

“Siku hiyo nilikuwa na mafua,” alisema. “Texas nzima inanisikia na mafua! Hapana. Tunarudia.”

Nani angembishia? Alirudi wiki iliyofuata amevaa kitenge kipya, akanywa maji moto yenye tangawizi, akapasha koo kwa wimbo wa kanisani. Kisha akaisogelea maikrofoni na kutamka, taratibu, kama msomaji wa taarifa ya habari: “Je, kifuniko kiko wapi, tafadhali?” Kaka yangu alipendekeza aongeze hasira kidogo. Shangazi akamwangalia. Hatukupendekeza tena.

Toleo la pili lilitoka. Nilikuwepo lilipopigwa Dallas kwa mara ya kwanza, na niliona jinsi umati mzima unavyoweza kushikwa na kiu kwa wakati mmoja na kwenda kununua maji. Muuza santuri alimwita kaka yangu kando, akamweleza kwa masikitiko kwamba huyu mwimbaji mpya hasikiki kama Mwafrika. Akauliza kama yule wa kwanza bado yupo.

Tulimfikishia shangazi habari kwa lugha ya kuchagua. Hakutetereka. “Watu wa huku hawajui Kiswahili sanifu,” alisema, akaendelea kuwapigia akina mama wa kanisa toleo lake garini, akiwauliza lipi bora. Wote, wakiwa wanategemea lifti yake, walisema la pili.

Kaka yangu alijaribu wimbo mwingine, ukafa kimya, naye akarudi kwenye dawa. Sasa ana famasia Sugar Land. Kwenye harusi zetu, watu wanapojitambulisha, shangazi husimama na kusema yeye ni muuguzi, mama wa kanisa, na msanii. Kaka yangu hutaja famasia tu, na huketi haraka.