Mume Wangu na Mpango Kabambe

Mume wangu alizikwa mpakani kwa kutaka mwenyewe. Wengine huku kwetu Njombe huzikwa nyuma ya nyumba, karibu na mipichi, mahali ambapo mjane anaweza kung'oa majani huku anasikilizia sufuria. Yeye alikataa. Alikuwa kitandani, hata uji unamshinda, akaniashiria nisogee. Nikadhani ananiaga. Akasema, "Mnichimbie pale kona, kwenye mlingoti. Miguu iangalie kwake."

Mlingoti ni mkaratusi uliokuwa mpakani, na kwake ni kwa jirani yetu. Walikuwa wakigombania hatua moja ya ardhi tangu mimi nilipoletwa pale nikiwa mwali. Hatua moja tu, mahali ambapo hata mbuzi akilala lazima akunje miguu.

"Mti wanaukata," akasema, "jiwe wanalisogeza. Mtu aliyezikwa nani atamsogeza? Niahidi."

"Na sala?" nikamwuliza. "Padri anakuja saa hizi."

"Sala baadaye. Kwanza mpaka."

Nikamwahidi. Tukamzika pale pale kona. Jirani alikuja msibani akashika jembe kama wanaume wengine, kwa adabu zote, lakini nilimwona anapima kwa macho. Haukupita muda mrefu naye akaugua, na alipokufa mke wake alinijia analia nusu na kucheka nusu. Mzee ameacha neno: azikwe upande wake wa ile hatua, miguu iangalie kwa mume wangu. Basi wakalala hivyo, nyayo kwa nyayo, na katikati yao ile hatua yenyewe haina mtu.

Majina yao nayakumbuka, na ya baba zao, na ya kila aliyechimba makaburi yale mawili na nani alivunja mpini. Shule niliishia darasa la tatu, lakini majina hayajawahi kunitoka. Humu sitaandika hata moja, na sababu yake mtaiona.

Miaka ikaenda. Njombe ikawa makao makuu ya mkoa, nyumba zikaanza kupanda mlima wetu kama mbuzi, moja hapa, nyingine pale, kila moja na njia yake. Siku moja tukaitwa ofisi ya mtaa. Alikuwepo binti mmoja, afisa wa mipango miji, amebandika ukutani ramani kubwa kuliko kanga mbili. Akasema huo ndio mpango kabambe. Mji utakuwa mkubwa sana, akasema, lakini usile kila kitu. Chemchemi ziachwe. Mabonde ya vinyungu, zile bustani zetu za bondeni, yasijengwe, wajukuu wetu nao wapate mboga za kiangazi. Maji ya mvua yawe na pa kupita. Kila mtaa uwe na miti, na mtu aweze kwenda sokoni na zahanati kwa miguu yake.

Nilimpenda yule binti. Aliongea polepole, na tulipouliza alijibu kile tulichouliza.

Pembeni yangu alikaa yule mjane mwenzangu. Yeye ni mtu wa Kitandililo, kule Makambako, na ingawa ameolewa Njombe maisha yake yote, Makambako haijamtoka. Akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Maneno mazuri. Ila makao makuu yalitakiwa Makambako. Kule kuna reli."

"Reli inakuhusu nini? Wewe ulikuja kuolewa kwa miguu."

"Nilikuja na basi," akasema. "Tena nilikaa mbele."

Binti akaendelea. Barabara mpya itatoka mjini kwenda kukutana na ile ya Makambako, na wameipitisha kwenye mipaka ya mashamba, ili kila mtu atoe nusu na asionewe yeyote. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Halafu mikono ikasimama yenyewe.

"Mwanangu," nikasema, "pale kona kwenye mlingoti, barabara inapita wapi?"

Akaangalia ramani. "Juu yake, bibi."

"Juu yake kuna mtu."

"Kuna watu wawili," akasema mjane mwenzangu.

Binti akaeleza kwa heshima. Makaburi yatahamishwa, ndugu watakuwepo, padri atakuwepo, wazee watapelekwa makaburi mapya ya mji, kila mmoja na namba yake.

"Watakuwa mbalimbali?" nikauliza.

"Hapana, bibi. Watalala pamoja. Namba zao zitafuatana."

Ukumbi uliangua kicheko, mwenyekiti wa mtaa akajifunika uso kwa kofia. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona mtu wangu kitandani, ameshika mkono wangu, ananiambia mtu hasogezwi. Wakati wa kurudi nilipitia kaburini nikasimama. "Unaona?" nikamwambia. "Ungekubali kulala nyuma ya nyumba kama Wakristo wenzako, barabara ingekupita mbali ukiwa usingizini. Umejichongea mwenyewe." Hakujibu, na hata alipokuwa hai, kwenye neno kama hilo hakuwa anajibu.

Binti alikuja kesho yake na mwenyekiti kuona kwa macho. Nikawawekea viazi vya kuchemsha na chai, kwa sababu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Akasema anaweza kuisogeza barabara. Ikija kwangu inachukua jiko. Ikienda kwa mwenzangu inachukua chumba cha kulala.

"Ikija kwangu hata kidogo," akasema mwenzangu, "mume wangu atafufuka."

"Afufuke," nikamwambia. "Atusaidie kuhama."

Binti alichora kwenye daftari, akafuta, akachora tena, kiazi kimepoa mkononi. Mwisho akasema iko njia moja. Karibu na kona ile, barabara nyingine inatoka bondeni, kwa hiyo hata hivyo panahitajika njia panda. Badala yake panaweza kuwekwa kipilefti. Magari yazunguke, wazee wabaki katikati, kwenye duara la majani na miti ya asili. Ule mlingoti utakatwa, maana unakunywa maji mengi. "Ila kipilefti kinakula ardhi," akasema. "Kila mmoja wenu atatoa hatua kumi."

Kwa hatua moja wanaume wawili walipitana njiani maisha yao yote bila hata salamu ya "kamwene".

Tukasogea pembeni, sisi wawili.

"Unasemaje?" nikamwuliza.

"Nikisema ndiyo kwanza, utatangaza mtaa mzima kwamba mimi ndiye niliyelegea."

"Basi tuseme pamoja."

"Nakujua. Nitasema, wewe utakohoa."

Tukakubaliana kila mmoja apime ardhi ya mwenzake, ili kusiwe na wa kwanza. Yeye akaingia kwangu, mimi nikaingia kwake. Mguu wangu una maradhi ya baridi, lakini siku ile ulipona. Nilipiga hatua za askari. Nilipogeuka, nikamwona mwenzangu kule kwangu amekusanya kanga mpaka magotini, anaruka kama anavuka mto.

Binti alipopima kwa futi kamba, akakuta tumezidisha wote. Mimi nilikuwa nimemchukulia kumi na nne. Yeye kwangu, kumi na nne.

"Niwarudishie zilizozidi?" akauliza.

Tukatazamana. "Andika hivyo hivyo," akasema mwenzangu. Mimi nilipoteza miparachichi minne na ua wote, yeye tuta zuri la viazi.

"Na mimi nitalala wapi?" nikamwuliza binti alipokuwa anafunga daftari. Nafasi yangu ilikuwa pembeni ya mzee.

"Makaburi ya mji, bibi. Kwenye kipilefti haongezwi mtu."

"Afadhali," akasema mwenzangu. "Mimi na wewe tutafuatana namba."

"Tangulia."

"Tangulia wewe, wewe ndiye mwenyeji."

Sasa barabara ipo, ya changarawe, na miti imefika kiunoni. Jumapili tukitoka kanisani tunapita kupalilia, kila mmoja upande wake, ingawa pande hazipo tena. Kilichobaki ni kibao. Ofisi inataka jina la kipilefti, na tulikubaliana yaandikwe majina ya wazee wote wawili. Lakini lipi juu? Ukoo wake unasema lake, ukoo wetu unasema la kwetu, na mimi nikiandika moja humu kabla ya lingine, watasema bibi ameshaamua. Kibao kimesimama, kimepakwa rangi nyeupe, hakina neno.

Jumapili iliyopita mwenzangu alishika jembe akakiangalia sana. Akasema kina pande mbili. Upande wa wanaotoka mjini, jina la mume wangu liwe juu. Upande wa wanaotoka Makambako, la mume wake.

Nikamwambia nitafikiria. Upande wa Makambako ndiko yanakotoka magari mengi.