Nilimwoza Hamida Aliyezama

Lilililiii! Vigelegele vile nimevisikia masikioni hata leo asubuhi nikikoroga uji. Wanawake kumi na mmoja wa Buswelu, mikono imejaa pamba, wanamshangilia bibi arusi. Na bibi arusi mwenyewe hayupo! Yumo kitabuni tu, na huko kitabuni hakuolewa.

Mimi ndiye niliyemwoza. Nimekosa, ndugu zangu, wala simsingizii shetani.

Nimesoma hadi darasa la nne, basi. Msimu wa pamba wanawake hukusanyika uani kwa shangazi yangu Kabula kuchambua: pamba safi huku, na fifi, ile iliyochafuka, kule. Mikono ina kazi, masikio hayana. Basi mimi nilikuwa nikiketi juu ya kinu kilichopinduliwa, nawasomea vitabu vya hadithi alivyoniazima mwalimu wangu wa zamani.

Nao wana maoni, jamani! Kitabu cha msafiri aliyekanyaga theluji Ulaya walikikataa katakata. "Maji yaanguke kama pamba, mtu asilowe? Mwandishi huyu mwongo!" Cha sultani mchoyo walikipenda, wakasema sultani wanamfahamu ila hawamtaji. Lakini cha Hamida, eeh! Hicho kiliwaingia mpaka mifupani.

Hamida ni binti wa mfinyanzi. Mchumba wake amekwenda mbali kutafuta mahari, naye anamngoja mwaka baada ya mwaka, anawakataa matajiri. Shangazi alikuwa akimwonya kana kwamba yuko pale: "Usimkubali huyo, mwanangu, macho yake yanazunguka!" Na Minza, mkwe wa Shangazi, mwenye mimba ya miezi minane, kila aliponiona njiani aliniuliza, "Hamida hajambo?"

Siku ya kumaliza kitabu nilitangulia kusoma peke yangu. Masikini! Hamida anasikia mchumba amerudi, anakimbia kumlaki, anavuka mto uliofurika, anazama. Mchumba anafika kesho yake. Kwisha kitabu! Nililia mpaka maharage yakaungua.

Nikajiuliza, nitamsomeaje Minza maneno haya na tumbo lile? Na Shangazi je? Moyo wangu ni laini kama ugali wa mgonjwa. Ukanidanganya.

Alasiri nikasoma vizuri hadi ukingoni mwa mto. Hapo nikaiacha karatasi, nikaenda kwa miguu yangu. "Mto ukapungua," nikasema, "Hamida akavuka."

"Mahari wakatoa ng'ombe wangapi?" Shangazi akauliza.

"Thelathini."

"Thelathini! Kwa binti wa mfinyanzi? Rudia hapo."

"Ishirini na... thelathini, Shangazi. Imeandikwa."

Mama Ngolo, jirani yetu mwenye jicho la mwewe, akainua kichwa. "Mbona hufunui ukurasa, na habari ni ndefu hivyo?"

"Maandishi ni madogo, mama."

Nikampa Hamida watoto saba. Nikampa na ng'ombe anayetoa maziwa hata kiangazi! Ndipo vigelegele vilipopigwa, fifi ikarushwa ndani ya pamba safi kwa furaha, na mimi nikajiona nimetenda wema.

Wiki mbili baadaye Minza akajifungua binti. Shangazi akamwinua juu. "Huyu ni Hamida! Na aolewe kwa ng'ombe thelathini!"

Hapo ndipo ningesema. Sikusema! Nilipewa mtoto nimpakate, nikatabasamu kama mjinga.

Siku ya kuuza pamba tukakutana mizanini na wanawake wa Kiseke. Kumbe nao wana msomaji, mke wa mwalimu wa huko, na kitabu ni kile kile! Mmoja wao akamchungulia mtoto mgongoni kwa Minza.

"Anaitwa nani?"

"Hamida, wa kitabuni," Shangazi akajibu kwa maringo.

"Yule marehemu? Mmempa mtoto jina la mtu aliyezama?"

"Marehemu ni wewe! Hamida ana watoto saba."

"Aliwazaa majini?"

Loo! Shangazi akajifunga khanga kiunoni. Mama Ngolo akatua mzigo wake chini. Mke wa mwalimu akaitwa, akatoa kitabu kwenye kikapu, akasoma ukurasa wa mwisho polepole, neno kwa neno. Hata mpima pamba aliacha kupima. Minza alikuwa amemshusha mtoto mgongoni, amemziba masikio.

Shangazi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Tulitembea hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika akaketi, akasema, "Leta kitabu. Soma."

Nikasoma, safari hii kama kilivyo. Wote wakalia. Shangazi akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Hiki kizuri kuliko chako," akasema. "Chako kilikuwa na ng'ombe wengi mno."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nimezika watoto wawili mimi. Ukaona siwezi kumzika wa karatasi?"

Nikakifunika kitabu.

Mtoto alibadilishwa jina, akapewa la bibi mzaa mama yake. Minza ananisalimu, lakini mtoto hanipi nimbebe. Siku za kuchambua anakuja yule mke wa mwalimu wa Kiseke kuwasomea, nami nachambua fifi pembeni, naitwa Ng'ombe Thelathini. Hata watoto wa jirani wananiamkia kwa jina hilo: "Shikamoo, Ng'ombe Thelathini!"

Wenzangu mnaowasomea wasiojua kusoma, nawasihi: msiwachagulie la kusikia. Mtu akikuazima masikio yake hakukupa na moyo wake uutunze. Huzuni ya kitabu wanaiweza, tena wanaijua kuliko sisi. Wasilolisahau ni kudanganywa.

Jana mke wa mwalimu alinifuata na kitabu kingine. Ana safari ya Musoma; akaniambia Shangazi amesema nijaribiwe mara moja. Mara moja tu!

Nilifunga mlango, nikafunua mwisho kwanza. Ni hadithi ya msafiri mwingine, na mama yake anakufa mlangoni, akiwa ameshika sufuria ya chakula cha mwanawe. Nikasimama wima kama niko uani, nikaisoma sentensi ile kwa sauti. Akafa. Nikarudia. Akafa. Mara ya tano ndipo sauti ilipotulia.