Uji wa Mama Kiilu

Mwaka 1958 nilivunjika mguu nikalazwa katika hospitali moja ya Thika. Katika kitanda cha jirani alilala Musau, mkata mkonge kutoka upande wa Kilimambogo. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Daktari alimwambia waziwazi kwamba kisipoanza kukauka kufikia mwisho wa mwezi, mguu utakatwa.

Musau aliichukia sukari kama mlokole anavyochukia pombe. Hata chai yangu mimi aliikemea. Nilimpenda, ingawa kuna siku karibu nimrushie kikombe. Ajabu ni kwamba kila Jumatatu muuguzi Wilkister alipochemsha mkojo wake na ile dawa ya buluu, rangi iligeuka kuwa nyekundu ya matofali, dalili ya sukari nyingi. Akimhoji, Musau anaapa hajalamba sukari.

Wala hakusema uongo. Kila Jumapili mkewe Syokau, tuliyemwita Mama Kiilu, alikuja kwa miguu na kibuyu cha uji wa wimbi, ameutia asali ya mizinga ya Musau mwenyewe. Sukari ni ya dukani. Asali, kwao, ilikuwa dawa. Jumapili moja Wilkister aliukuta uji uliobaki, akauonja, akamweleza Musau polepole kwamba mwilini mwake vitu hivyo viwili ni kimoja. Alitaka kumwambia mke pia. Musau akakataa, akisema kukirudisha chakula cha mkeo ni kama kumfukuza, basi afadhali aseme mwenyewe.

Jumapili iliyofuata alimngoja amimine.

"Mama Kiilu," akasema, "sijawahi kunywa uji mtamu kama wako. Lakini ndio unaonimaliza mguu."

Syokau akaziba kibuyu, akatoka bila kuaga. Musau hakula kitu siku hiyo, nami nilimkasirikia yule mama kweli kweli.

Kesho yake dawa ilibaki karibu buluu tupu, na wiki hiyo kidonda kikaanza kukauka. Musau hakufurahi. Alikuwa akitazama mlango tu.

Jumapili akaja. Alisimama mlangoni mikono mitupu, ameona haya, maana kwetu hakuna anayekwenda kumwona mgonjwa hivyo. Musau akausogeza ule mguu mbovu, akampisha kitandani, akamshika mkono mbele ya wodi nzima, mzee kama yule, na zama zile. Nikageukia ukutani, nikimwonea wivu mtu ambaye mguu wake bado ulinuka.