Kifaranga cha Milembe

Msinicheke kabla sijamaliza. Tangu tumzike mama yake, binti yangu Milembe, wa miaka tisa, alikuwa hasemi wala hachezi. Nikaomba ruhusa machimboni Mwadui nimpelekee mganga kifaranga. Kwetu Usukumani si lazima mgonjwa aende mwenyewe. Anakitemea kifaranga mate mdomoni, mganga anakipasua na kuusoma ugonjwa humo.

Milembe akatema. Nikakifunga kwenye baiskeli, lakini kufika karibu na Kolandoto nikakuta kamba tupu. Nirudi maili zote zile? Nikanunua kingine njiani, nikakitemea mwenyewe. Mjanja mimi! Damu si ni moja, mganga atajuaje?

Mganga alikuwa mwanamke wa rika langu. Nikamwambia mgonjwa ni mwanangu Milembe. Akapasua, akatazama.

"Mgonjwa huyu hajalia tangu msiba," akasema. "Marehemu akitajwa tu, anafoka. Nyumbani kwake wameacha kusema, wanamwogopa."

Nikainama kama naangalia viatu vyangu, na sikuwa nimevaa viatu.

"Baba Milembe," akasema taratibu, "mate haya ni ya nani?"