Nilimuua babu kwenye barua ya kuahirisha masomo, sasa nashindwa kumfufua

Wakuu, salaam kwenu. Ninachoandika ni kweli tupu, ila sitaapa. Mkifika katikati mtaona kwa nini mtu kama mimi hana haki ya kuapa.

Mimi ni mtoto wa Newala, nasoma kozi ya afya kwenye chuo kimoja pale Masasi. Babu mzaa baba ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa korosho zake. Kijijini wananiita Dokta tangu siku nilipopata barua ya kujiunga, na nilikuwa naitika bila aibu.

Mwaka wa kwanza nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya Anatomy. Wakuu, ile mifupa ni mingi. Naisoma asubuhi, jioni imeshahama.

Sapu ilipokaribia nikaingiwa na uoga wa ajabu. Nikasikia unaweza kuahirisha masomo mwaka mmoja ukiwa na sababu nzito. Sababu yangu ilikuwa uoga, na fomu haikuwa na sehemu yake. Nikaandika: "Nimefiwa na babu aliyekuwa akinisomesha."

Ofisini wakanipa pole, wakasaini. Tena nililia kidogo pale, sijui machozi yalitoka wapi.

Nyumbani nikasema chuo kinafanyiwa ukarabati. Babu akafurahi, maana ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho na alihitaji mtu wa kumbebea salfa.

Sasa hapa ndipo ufupi wa akili yangu ulipoonekana. Mtu mzima mimi, nimezaliwa na kukulia kusini, nikasahau kwamba huku huwezi kusema umefiwa halafu watu wakakaa kwao.

Jumamosi moja nipo nje natafuna muhogo, ikasimama gari, Noah. Wakashuka wanadarasa wenzangu saba, wasichana wamejifunga khanga. Mbele yupo CR wetu, kiongozi wa darasa, dada mmoja wa Lupaso anaitwa Anna, kashika sukari, mchele na bahasha ya rambirambi. Wanatembea ule mwendo wa msibani.

Nilitaka kukimbia. Miguu, ambayo mifupa yake nilishindwa kuitaja, ikagoma.

Mara babu huyo anatokea shambani, salfa imemjaa kuanzia kope hadi kandambili. Akaziona zile nyuso.

"Poleni wajukuu zangu. Kafa nani?"

"Shikamoo babu," Anna akasema. "Tumekuja kumpa pole Rashidi kwa msiba wa babu yake."

"Marahaba. Babu yake yupi? Wa kwa mama yake alikufa huyu hajazaliwa."

"Yule aliyemlea. Aliyekuwa anamsomesha."

Babu akanitazama. Akajifuta salfa usoni taratibu, akatandika mkeka.

"Basi karibuni, mmefika. Msiba wenyewe ndio huu. Mama Saidi, kamata kuku!"

Mama Saidi ni bibi yangu. Wakala ugali wa muhogo na kuku, marehemu mwenyewe akiwanawisha mikono. Ile bahasha akamrudishia Anna. "Itunzeni. Mtaileta siku yangu."

Walipoondoka nikajua leo nachapwa. Babu hakunigusa.

"Mimi darasa la nne nilirudia mara mbili, na sikumzika mtu," akasema. "Ungeniambia tu kwamba unaogopa."

Nililia wakuu, na safari hii machozi nilijua yanatoka wapi.

Mwaka ulipoisha nikarudi chuo; Anna na wenzake hawakunisema ofisini. Tangu hapo kila asubuhi ya mtihani babu anapiga simu. Haulizi habari. "Nipo hai. Ingia." Anakata. Sapu nikaifaulu, na mitihani mingine yote nimepita kwa kunusurika.

Sasa niko mwaka wa mwisho. Wiki iliyopita babu kaanguka shambani, upande wa kulia hausogei. Nikaenda ofisini kuomba ruhusa ya siku tatu nikamwone. Mama wa ofisini akafungua faili, akanitazama juu ya miwani.

"Rashidi, huyu babu mbona tulishakupa pole?"

Nikataka kusema ni babu mwingine. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri kabisa. Nikashindwa. Nikamwambia nitarudi, nikatoka.

Leo asubuhi nilikuwa na mtihani. Simu ikaita. Ni bibi, kamshikia babu simu mdomoni. Maneno yanatoka kwa kujikokota.

"Nipo... hai. Ingia."

Nikaingia. Karatasi niliijaza, ila msiniulize niliandika nini.

Nilichojifunza: kama unaogopa, andika unaogopa. Wakikukatalia, angalau huna mtu wa kumfufua baadaye.

Kesho narudi ofisini kusema ukweli. Wanifukuze, waniruhusu, jioni niko Newala. Sasa ninyi mnaojua kuandika barua nzito nisaidieni, ya kumfufua mtu inakwendaje? Mpaka sasa nina mstari mmoja tu: "Babu yangu yupo hai."