Hesabu za Jioni

Binti yangu anasoma hesabu kwenye simu, nami nachemsha chai. Mdalasini ukianza kunukia tu, namkumbuka mwalimu.

Alipanga chumba kwetu, huku mlimani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu na biashara yake, na ya walimu ilikuwa tuisheni. Asubuhi darasani alianza hesabu ya uwiano, akifika katikati anapangusa chaki mikononi. "Iliyobaki tutaimalizia jioni." Jioni ilikuwa chumbani kwake, kwa waliolipa.

Mama alipomuuliza kuhusu mimi, alicheka. "Huyu si mtoto wa nyumbani, mama? Huyu nitamfundisha muda wowote." Mama akafurahi, akamfungia mdalasini wa kupeleka kwao. Mimi nikangoja, nikangoja.

Jioni moja nilikuwa uani, naanika magome ya mdalasini chini ya dirisha lake, nikasikia hesabu ya asubuhi ikiendelea. Nikasimama kwa ncha za vidole. Niliuona ubao, na mstari wa kwanza wa ile sehemu niliyoikosa. Mwalimu akageuka, akaniona, akatabasamu vilevile kama anavyotabasamu akiletewa chakula. Nikajua ananiita.

Akaja hadi dirishani, akalifunga.

Wenzangu walipoondoka, mama alinipa kikombe nimpelekee. Nikabisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mtoto wa nyumbani," akasema, akapokea chai. Ubao ulikuwa umeshafutwa.